Namna ya Kuandaa Mechi ya Tenisi Dhidi ya Shule ya Watani Mkoani Dodoma

Mwalimu wa michezo anayeandaa mechi ya soka dhidi ya watani wa jadi wa shule yake hupata msaada kutoka pande nyingi: kuna mwamuzi mwenye filimbi, kuna washika vibendera, na kuna watazamaji waliozijua sheria tangu wakiwa shule ya msingi. Tenisi ya shule za sekondari kwa kawaida huchezwa bila hayo yote. Wachezaji wenyewe ndio waamuzi, kila mmoja kwa upande wake wa wavu, na ndio wanaotamka kama mpira umeingia au ni auti, huku wenzao wamejipanga pembeni wakiusubiri ushindi kwa hamu. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba mechi ya namna hii hufana au huharibika siku nyingi kabla ya pointi ya kwanza, kutokana na makubaliano ya walimu wawili na mafunzo waliyopewa wanafunzi kuhusu kuamua kwa haki. Maelezo yanayofuata yamekusudiwa walimu na manahodha wa Dodoma na Kanda ya Kati kwa jumla, ambako shule nyingi hazina kiwanja cha tenisi kilichojengwa rasmi, ila zina eneo la kutosha na vijana wenye ari.

Makubaliano kati ya shule mbili

Anzeni kwa barua ya mkuu wa shule kwenda kwa mkuu mwenzake, ikitaja tarehe, idadi ya wachezaji na walimu, usafiri, chakula cha wageni, na jina la mwalimu wa kike atakayeongozana na wasichana. Barua ikishajibiwa, walimu wa michezo wa pande zote mbili wazungumze, kisha waandike masharti ya mchezo kwenye ukurasa mmoja na kuusaini wote wawili. Ukurasa huo ueleze idadi ya michezo, namna ya kuhesabu, mipira itakayotumika, na nani atakayesuluhisha mgogoro. Jambo ambalo halikuandikwa ndilo litakalozua mabishano saa tano asubuhi, jua likiwa kali na matokeo yakiwa sare.

Katika kuchagua siku, ulizeni kwanza kama katika timu hizo mbili kuna Wasabato ambao hawatacheza Jumamosi, na msiweke mechi Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi bila kuwasikiliza wanaokwenda kuswali au kusali. Kuhusu msimu, mvua za Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na kiwanja cha udongo kinaweza kuharibika kwa mvua ya usiku mmoja. Kuanzia Mei uwanja hukauka, lakini kati ya Juni na Oktoba upepo huwa mkali, hasa kuanzia mchana na kuendelea, kiasi kwamba mpira uliorushwa juu kwa ajili ya kuanzisha pointi huhama kabla raketi haijaufikia. Ushauri wangu ni kuanza saa 2:00 asubuhi kamili na kupanga kumaliza kabla ya saa 7:00 mchana.

Muda huo unatosha kwa michezo mitano iwapo mtaipunguza kwa busara. Mpangilio unaofaa shule zetu ni michezo mitatu ya mchezaji mmoja mmoja na miwili ya wawili wawili, ambapo shule itakayoshinda mitatu ndiyo mshindi. Jumla ya michezo ni witiri, hivyo haiwezekani kumaliza kwa sare, na wachezaji saba wanapata nafasi bila yeyote kucheza mara mbili. Kila mchezo uwe wa seti moja, yaani mshindi ni wa kwanza kufikisha gemu sita, kwa tofauti ya gemu mbili (gemu ni mfululizo wa pointi ambao mchezaji mmoja ndiye anayeanzisha), na matokeo yakifika sita kwa sita ichezwe taibreka, yaani gemu ya kuamua seti, ya pointi saba, nayo kwa tofauti ya mbili. Aidha, sheria za tenisi zinaruhusu gemu inapofika arobaini kwa arobaini, yaani kila upande una pointi tatu, ichezwe pointi moja tu ya kuamua, na mpokeaji ndiye anayechagua upande atakaopokelea. Ikubalini njia hiyo. Inazuia gemu moja isiendelee kwa robo saa huku wengine wanne wakisubiri kiwanja kimoja.

Kiwanja

Shule nyingi zina kiwanja cha netiboli, nacho ndicho mahali pazuri pa kuanzia. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, wakati kiwanja cha tenisi cha wawili wawili kina mita 23.77 kwa mita 10.97, na cha mmoja mmoja kina upana wa mita 8.23. Ukichora cha tenisi ndani ya kile cha netiboli, nyuma ya kila mstari wa mwisho zinabaki mita tatu na kidogo tu, ambazo hazimtoshi mchezaji anayerudi nyuma kuufuata mpira mrefu. Kwa hiyo kagueni ardhi iliyo nje ya kiwanja hicho: ing'oeni nyasi, ondoeni mawe, sawazisheni hadi mpate angalau mita tano na nusu kila upande wa nyuma. Kama kuna uzio, mtaro au mti katika eneo hilo, chagueni mahali pengine, kwa maana mchezaji anayekimbia kinyumenyume haoni anakokwenda.

Mwelekeo wa kiwanja uwe kaskazini na kusini, ili asubuhi na jioni jua lisimpige yeyote machoni. Hata hivyo mchana kuna jambo la kuzingatia ambalo wengi hulisahau. Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini mwa Ikweta, hivyo kati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita huwa upande wa kaskazini, na mchezaji anayeanzisha akielekea kaskazini hulitazama kila anapourusha mpira. Kofia yenye kingo ni sehemu ya vifaa, na kubadilishana pande kila baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo kusirukwe kwa kisingizio cha kuokoa muda.

Kupata pembe zilizonyooka hakuhitaji fundi. Piga kwanza mstari wa wavu wenye mita 10.97 na uweke kigingi kila mwisho. Chukua futikamba mbili: kutoka kigingi cha kushoto pima mita 11.89 kwenda mbele, na kutoka kigingi cha kulia pima mita 16.18 kwa mshazari; pale vipimo viwili vinapokutana ndipo ilipo kona ya nyuma ya kushoto. Rudia kwa kona nyingine tatu. Mistari ya mmoja mmoja inaingia ndani kwa mita 1.37 kutoka kila upande, na mstari wa boksi la kuanzishia uko mita 6.40 kutoka kwenye wavu. Wape kazi hii wanafunzi wa kidato cha pili pamoja na mwalimu wao wa hisabati, nao wataielewa kanuni ya Pythagoras kwa miguu yao.

Kwa uso wa kiwanja, udongo wa kichuguu ni hazina iliyo karibu nasi. Upondwe, uchekechwe, utandazwe kwa tabaka jembamba, ulowanishwe na kushindiliwa kwa pipa lililojazwa mchanga, kisha uachwe ukauke kabla ya kuongeza tabaka jingine. Maji ni ya kubania, hivyo tumieni yaliyosuuzia vyombo jikoni kulowanisha vumbi jioni ya kuamkia mechi. Asubuhi pitisheni fagio, kisha wanafunzi watembee wakiwa wamejipanga mstari mmoja kutoka mwisho hadi mwisho, wakiokota mbigiri. Hili silisemi kwa kupita. Mbigiri moja hunasa kwenye manyoya ya mpira bila kuonekana, na mchezaji anayeushika mpira huo kwa haraka huchomwa kiganjani katikati ya gemu.

Mistari ichorwe kwa chokaa iliyokorogwa na maji na kupakwa kwa brashi, iachwe ikauke kabisa. Chokaa kavu inayomwagwa kama kwenye uwanja wa soka hurushwa na mpira hadi machoni, na chokaa ikiingia jichoni huunguza. Iwapo itatokea, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi na mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Wavu si lazima ununuliwe ghali. Nyavu za uvuvi zilizochakaa, kama zile zinazotoka kwa wavuvi wa bwawa la Mtera, hufaa ukizikunja mara mbili na kushonea utepe mweupe juu, mradi matundu yake hayapitishi mpira. Kimo ndicho kisichotaka makisio: sentimeta 91.4 katikati, na mita 1.07 kwenye nguzo. Chukueni rula ya mita ya darasani, pimeni katikati kabla ya kila mchezo, na kazeni au legezeni utepe wa katikati hadi kipimo kikae sawa. Wageni wakiona mnapima mbele yao, shaka yao nyingi huondoka papo hapo.

Mipira

Mpira halali ukidondoshwa kutoka kimo cha sentimeta 254 juu ya sakafu ngumu unapaswa kudunda kati ya sentimeta 135 na 147. Wekeni alama hizo tatu kwenye ukuta wa darasa, mwalimu asimame juu ya meza adondoshe, na manahodha wa timu zote mbili wasome alama wakiwa wamechuchumaa ili macho yalingane nayo. Inayopungua itengwe kwa mazoezi. Mipira hutunzwa na hewa iliyoshindiliwa ndani yake, na kopo likishafunguliwa hewa hiyo huanza kutoka polepole hata kama mpira haujachezewa, kwa hiyo makopo ya mechi yafunguliwe asubuhi hiyohiyo. Mipira mitatu kwa kila mchezo inatosha.

Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,100, wakati sheria za tenisi zinaruhusu mipira maalumu ya miinuko juu ya mita 1,219. Tunatumia basi mipira ya kawaida, lakini timu inayotoka Dar es Salaam au Morogoro itaona mipira yake inapitiliza kidogo, na ni uungwana kuwapa nusu saa ya kupasha moto kabla ya kuanza. Mkialikwa Iringa au Mbeya, ambako ni juu zaidi ya kiwango hicho, hali itawageukia ninyi.

Kupanga kikosi

Panga wachezaji kwa uwezo wao halisi: bora kuliko wote acheze namba moja, anayemfuata namba mbili, na kadhalika. Kumficha mchezaji bora namba tatu ili ajichukulie ushindi rahisi, na kumtoa kafara aliye dhaifu namba moja, ni hila ambayo walimu wengine huiona kuwa werevu. Mimi naiona kuwa dhuluma kwa wanafunzi wawili, yule aliyetolewa kafara na yule wa shule nyingine aliyekuja kutafuta mpinzani wa kiwango chake. Ili kuzuia mashaka, kila mwalimu aandike orodha yake, aitie kwenye bahasha, na bahasha zifunguliwe kwa pamoja mezani kabla ya kura ya kuanza mchezo wa kwanza. Kwa michezo ya wawili wawili, angalia zaidi wanaosikilizana kuliko wenye mapigo makali.

Mazoezi ya wiki mbili za mwisho

Katika ngazi ya shule pointi nyingi hupotea kwa makosa kuliko zinavyopatikana kwa mapigo mazuri. Zoezi la kwanza basi liwe kuupitisha mpira juu ya wavu kwa mshazari, tena kwa nafasi ya kutosha. Sababu yake inaonekana kwenye vipimo tulivyokwisha kuvitaja: mpira wa mshazari hupita karibu na katikati, ambako wavu uko chini kwa sentimeta 15 hivi kuliko kwenye nguzo, na urefu wa mshazari wa kiwanja cha mmoja mmoja ni mita 25.16, zaidi ya mita moja na robo kuliko mpira wa kunyoosha. Mwanafunzi akielezwa hivyo huacha kulenga mstari wa pembeni kwa tamaa.

Zoezi la pili ni kuanzisha kwa mara ya pili, yaani nafasi ya mwisho anayoipata mchezaji akikosea ya kwanza. Mchezaji apewe mpira mmoja tu kwa kila pointi, asiwe na nafasi ya kurudia, hadi mkono wake uzoee kuupitisha mpira wa pili kwa utulivu. Siku za upepo asiurushe juu sana, na ukimwendea kombo auache udondoke, aushike na kuurusha upya, kwa kuwa sheria haimhesabii kosa iwapo hajajaribu kuupiga. Akiwa anacheza dhidi ya upepo apige kwa nguvu na kwa kimo, na upepo ukiwa mgongoni alenge karibu kidogo na wavu kuliko alivyozoea.

Kufundisha kuamua mistari

Hapa ndipo ningetaka mwalimu atumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kanuni zenyewe ni chache. Mpira unaogusa sehemu yoyote ya mstari umeingia. Mchezaji huamua mipira inayodunda upande wake tu, na hutamka auti papo hapo kwa sauti na kwa kunyoosha mkono. Asiyeona vizuri hana haki ya kutamka auti. Shaka yote ni faida ya mpinzani. Katika mchezo wa wawili wawili, mmoja akisema auti na mwenzake akaona umeingia, mpira umeingia. Mchezaji aliyegusa wavu, au ambaye mpira umemdundia mara mbili, aseme mwenyewe bila kusubiri kuulizwa.

Kuzijua kanuni hizo ni rahisi kuliko kuzitii mbele ya shule nzima, ndiyo sababu lazima zifanyiwe mazoezi kama pigo lolote. Wawekeni wanafunzi wenzao pembeni wakipiga kelele, hesabu iwe tano kwa tano, kisha mwalimu arushe mipira kwa mkono karibu na mstari wa nyuma na mchezaji aamue kila mmoja ndani ya sekunde moja. Kwenye kiwanja cha udongo mpira huacha alama ndogo ya mviringo mrefu. Nendeni pamoja mkaitazame: kama ukingo wake umegusa hata unywele wa weupe wa chokaa, mpira umeingia. Baada ya alama kadhaa wanafunzi wenyewe watagundua jinsi jicho linavyodanganya, hasa kwa mpira wa kasi unaokuja usoni, nao wataacha kuamini kwamba mpinzani anayeamua tofauti na wao ni mwizi. Siku ya mechi alama itazamwe pale tu mchezo uliposimamishwa papo hapo, na wote wawili wakubaliane kwamba alama hiyo ndiyo yenyewe.

Wafundisheni pia maneno ya kutumia. Anayetilia shaka uamuzi aulize mara moja tu, "Una uhakika?", na akijibiwa ndiyo, mchezo uendelee. Mabishano yakizidi, mchezaji hamwiti mwalimu wake kutoka pembeni. Anamwita msimamizi aliyetajwa kwenye ukurasa wa makubaliano, ambaye ni vema asitoke katika shule yoyote kati ya hizo mbili. Hesabu ikipotea, rudini kwenye hesabu ya mwisho ambayo wote wawili wanaikubali na kuanzia hapo. Ili isipotee, anayeanzisha ataje matokeo kwa sauti kabla ya kila pointi, akianza na ya kwake.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mwanafunzi akimpa mpinzani pointi iliyokuwa na shaka, halafu akamgeukia mwalimu wake na kumkuta ametikisa kichwa kwa hasira, mafunzo yote ya wiki mbili yamefutika. Apige makofi, na apige kwa nguvu kuliko anavyopigia ushindi.

Siku ya mechi

Wageni wapokelewe getini, wapewe maji na mahali pa kubadilishia nguo, kisha manahodha wa pande zote mbili wakague kiwanja. Raba ziwe na soli bapa. Msichana anayevaa hijabu na suruali ndefu acheze akiwa amevaa hivyo bila mjadala. Hewa ya Dodoma ni kavu na jasho hukauka kabla halijaonekana, hivyo mchezaji anywe maji kila anapobadilisha upande hata kama hasikii kiu. Ndizi na karanga zitoshe hadi chakula cha mchana, na zabibu zikiwa za msimu zisikosekane kwenye meza ya wageni.

Wanaoshangilia waelekezwe na mwanafunzi mmoja mwenye sauti, aliyefundishwa sheria. Waimbe na kupiga ngoma wachezaji wanapobadilishana pande na pointi inapomalizika, wanyamaze anayeanzisha anaposogea mstarini, na wasishangilie kosa la mgeni la kuanzisha. Kwa kuwa wengi wao hawajazoea kuhesabu kwa kumi na tano na thelathini, wekeni ubao wa darasani karibu na wavu na mwandike gemu tu.

Mshindi wa kura anaweza kuchagua kuanzisha au kupokea, anaweza kuchagua upande, au anaweza kumwachia mpinzani achague kwanza. Siku yenye upepo mkali, kuchagua upande mara nyingi kuna thamani kuliko kuanzisha, kwani mpinzani akianzisha dhidi ya upepo gemu ya kwanza huwa wazi kwa wote.

Mchezo wa tano ukiisha, manahodha wasaini karatasi ya matokeo ikiwa na gemu za kila mchezo, si jina la mshindi pekee. Nakala moja ibaki kwa kila shule na nyingine ipelekwe kwa afisa michezo wa halmashauri. Kisha, kabla gari la wageni halijaondoka, walimu wawili wafungue tena ule ukurasa wa makubaliano, wafute kilicholeta usumbufu, waandike tarehe ya marudiano kwenye kiwanja cha pili, na mipira iliyochezewa igawanywe nusu kwa nusu kwa ajili ya mazoezi.